Makako wa Musk, popo wa Fungu Kizimkazi, na neno "huru"

Wandugu, kuna video moja inayorudi kila mara katika makundi yetu ya simu, na kila ikirudi inakuja na maneno yaleyale: "Angalieni, wenzetu wanasoma mawazo bila waya." Ni ile ambayo Neuralink, kampuni ya Elon Musk, ilitoa Aprili 2021. Tunaona makako mmoja wa miaka 9, jina lake Pager, anacheza mchezo wa Pong kwenye ekrani. Kijiti cha kuchezea kimeondolewa, na kichwani hakuna waya hata mmoja unaotoka. Safari hii mwenzetu mmoja wa promosheni ya nyuma yetu aliandika chini yake kwamba huo njo utafiti wa kweli, na kwamba sisi huku tunapoteza wakati na memuwari za popo na panya wa shamba.

Sentensi hiyo njo imenisukuma kuandika. Naona tunaisifu kazi ambayo ni dhaifu kuliko zingine za aina yake, na tunaisifu juu ya kitu kimoja tu: waya hauonekani. Tukianza kupima utafiti kwa kuangalia kama waya unaonekana ao hauonekani, vijana wetu watachagua masomo yao kwa macho ya sinema.

Kwanza tuelewane kuhusu waya wenyewe. Seli za ubongo, yaani neroni, zinaongea kwa mapigo madogo sana ya umeme. Pigo moja linadumu kama sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ili ulisikie, unapitisha elektrodi nyembamba kupitia tundu kwenye fuvu, karibu kabisa na neroni, kisha unapeleka sauti hiyo kwenye mashine. Kwa miaka mingi kitu kilichoipeleka kilikuwa waya. Na tusidharau kazi ya waya! John O'Keefe na mwenzake Dostrovsky, kule London mwaka 1971, walitumia panya wenye waya kichwani, na wakaona neroni ambazo zinapiga pale tu panya anapofika mahali fulani. Ugunduzi huo ulimpa O'Keefe tuzo ya Nobel mwaka 2014, pamoja na May-Britt na Edvard Moser wa Norwe. Waya haukuwazuia kuona jambo kubwa.

Lakini waya iko na mipaka yake. Weka panya wawili pamoja, watautafuna. Mnyama akizunguka sana, unajisokota. Ndege hawezi kuruka nao, popo vilevile. Na mnyama wa msituni, huyo tusiseme. Kwa hiyo kulikuwa na kundi zima la maswali ambayo hayakuweza kuulizwa, na teknolojia isiyo na waya ilikuja kuyafungulia mlango. Hapo mimi sina ubishi na mtu.

Sasa, "bila waya" kuna namna mbili, na watu wanazichanganya. Namna ya kwanza ni kutuma habari kwa redio wakati uleule, sawa vile simu inavyofanya. Ya pili ni kumbebesha mnyama kifaa kidogo chenye kadi ya memori: kinaandika kila kitu palepale kichwani, na wewe unasubiri mnyama arudi ili ukichukue. Ya kwanza inapendeza mbele ya watu. Ya pili haina cha kuonyesha. Unaangalia mnyama anaondoka na unabaki na roho juu.

Kwa nini wengine wanachagua hiyo ya pili? Fanyeni hesabu ya mega, maana sisi wote mega tunazijua uchungu wake. Elektrodi moja inasomwa kama mara 30,000 kwa sekunde, na kila usomaji ni baiti 2. Elektrodi 16 zinakupa karibu mega 1 kwa sekunde, yaani karibu mega 3,500 kwa saa moja. Kwa wengi wetu hiyo ni mega za mwezi mzima. Kifaa cha Neuralink kina elektrodi 1,024, na Pager alikuwa na vifaa viwili. Ukitaka kutoa sauti yote ya kimoja tu, unahitaji mega 60 kwa sekunde, na Bluetooth, ileile tunayotumia kupeana nyimbo, haiwezi kubeba hata sehemu ndogo ya mzigo huo. Kifaa kinafanya nini basi? Kinahesabu mapigo ndani yake, kisha kila milisekunde 25 kinatuma hesabu tu. Kinachofika kwenye simu ya wale mainjinia ni ripoti ya mkutano iliyoandikwa na katibu. Maneno ya mkutano wenyewe hayafiki. Kwa kusogeza kitu kwenye ekrani, ripoti inatosha kabisa. Kwa kuelewa ubongo, inategemea katibu aliamua kutupa nini. Na mtu anayesema hapo kuna "kusoma mawazo" hajauliza habari za katibu.

Kuhusu upya wake pia tuseme ukweli. Watu wa chuo kikuu cha Brown, Marekani, walionyesha mwaka 2013 kifaa kinachokaa chote ndani ya mwili, chenye elektrodi 100, kikituma kwa redio kutoka kwa nguruwe na makako, tena kwa zaidi ya mwaka mzima. Mtu kusogeza alama kwenye ekrani kwa neroni zake, hiyo ilichapishwa mwaka 2006, ingawa kwa waya. Neuralink walifanya kifaa kidogo zaidi, elektrodi nyingi zaidi, na kila kitu kikafichwa chini ya ngozi. Ni kazi nzuri ya injinia, siikatai. Lakini video haimwambii mtazamaji kwamba wengine walitangulia, na mtazamaji wetu wa Bukavu ao Lubumbashi anabaki akifikiri kwamba jambo lilianza siku ile.

Turudi kwa Pager mwenyewe. Iangalieni video tena, safari hii muangalie mdomo wake. Kuna mrija wa chuma mbele yake, na kila akifanya vizuri ndizi iliyosagwa inapita mle. Anakaa pale juu chakula kiko pale. Hakuna mkanda uliomfunga, hakuna waya, na hata hivyo hakuna kitu kimoja anachofanya katika zile dakika tatu ambacho hakikupangwa na watu. Mrija umechukua kazi ya kamba. Kwa hiyo tukisema ni mnyama "anayetembea huru", tunasema kwamba angeweza kuondoka, na hilo ni kweli. Lakini video haina nafasi ya kutuonyesha makako akiamua kitu. Kama Pager angeinuka katikati ya mchezo na kwenda kujikuna kwenye kona, mimi njo hapo ningetaka kuona neroni zake zinafanya nini. Na sehemu hiyo, kama ilikuwapo, ingekatwa.

Haya si mambo ya leo. Mwaka 1963, huko Córdoba, Hispania, profesa José Delgado wa chuo kikuu cha Yale aliingia uwanjani mbele ya ng'ombe dume wa kupigana, na kitambaa mkononi. Ng'ombe alikuwa na elektrodi ndani ya ubongo na kifaa cha redio. Alipomrukia, Delgado alibonyeza kifungo, na ng'ombe akasimama, akageuka pembeni. Mwaka 1965 habari hiyo ilikuwa kwenye ukurasa wa kwanza wa New York Times, na watu wakasema hasira imezimwa kwa redio. Baadaye wataalamu wengine, Elliot Valenstein akiwa mmojawapo, waliuliza swali dogo: elektrodi ilikuwa wapi? Ilikuwa kwenye sehemu inayohusika na mwendo wa mwili. Ng'ombe alivutwa ageuke. Hasira yake hakuna aliyeipima. Uwanja, kitambaa na kifungo vilitoa jibu kabla ya swali kuulizwa.

Na tena Delgado huyohuyo alikuwa na kazi nyingine, ya kimya, ambayo mimi naiona bora mara kumi. Katika kundi la makako wake kulikuwa na bosi mmoja, Ali, mkali sana. Delgado alimwekea Ali kifaa cha redio, kisha akaweka ndani ya uzio kijiti ambacho ye yote akikikandamiza kinamtuliza Ali. Jike mmoja, Elsa, alijifunza. Ali akianza kumtisha, Elsa anaenda kwenye kijiti, anakikandamiza, tena wakati mwingine anamtazama Ali usoni, jambo ambalo makako mdogo hathubutu mbele ya mkubwa wake. Hapo hatusikii neroni za Elsa, ni kweli. Lakini hakuna aliyemwandikia Elsa mchezo. Ile sura ya kumtazama bosi machoni ilikuwa yake mwenyewe. Kumbe kipimo cha kazi hizi kilikuwapo tangu zamani: je, mnyama alipata nafasi ya kufanya kitu ambacho mwenye labo hakukiamua, na je, jibu lingeweza kumshangaza mwenye labo?

Kwa kipimo hicho, moja kati ya kazi ninazozipenda sana ni ndogo mpaka inachekesha. Kule Panama, kwenye kisiwa cha Barro Colorado, kuna mnyama wa mitini ambaye Wazungu, kwa lugha zao nyingi, wamempa jina la Mvivu. Vitabu vilisema analala karibu saa 16 kwa siku. Namba hiyo ilitoka kwa wanyama waliopimwa wakiwa wamefungwa. Mwaka 2008 Niels Rattenborg na wenzake walichapisha vipimo vya wanyama 3 tu, wote majike, waliovalishwa kifaa cha kuandika mawimbi ya ubongo na kuachiliwa warudi kwenye miti yao. Walilala saa 9 na dakika 38 hivi. Zaidi ya saa 6 za usingizi zilipotea hewani! Wanyama 3 ni wachache, mtu anaweza kubisha kwa haki. Lakini angalieni uzito wa jambo: namba ambayo iliandikwa vitabuni kama tabia ya mnyama ilikuwa, kwa sehemu kubwa, tabia ya kizuizi. Mtu aliyefungwa, hana adui, chakula analetewa, na yeye analala. Tunawajua watu wa namna hiyo.

Mwaka 2016 Rattenborg huyohuyo alifanya kinyume. Ndege wa bahari wa visiwa vya Galápagos, fregati, anaruka hata siku 10 bila kugusa chini, na watu walidhani lazima analala sana angani, nusu ya ubongo moja ikikesha. Kifaa kikarudi na jibu: analala, lakini dakika 42 tu kwa siku, ingawa akiwa chini analala zaidi ya saa 12. Tena angani, mara nyingine pande zote mbili za ubongo zinalala pamoja. Hakuna aliyetazamia jibu hilo. Na kifaa hakikutuma kitu kwa redio. Walisubiri ndege warudi kwenye viota.

Nimefika sasa kwa kazi iliyonifanya nitaje Fungu Kizimkazi. Ni kisiwa kidogo sana cha Tanzania, kusini-mashariki ya Unguja, ambacho kwenye ramani za Waingereza kinaitwa Latham. Urefu wake haufiki nusu kilometa. Watu hawaishi pale, ni makazi ya ndege wa baharini. Kundi la Nachum Ulanovsky, wa taasisi ya Weizmann huko Israeli, lilipeleka popo 6 pale, na kazi yao ikatoka katika jarida la Science mwezi wa Oktoba 2025. Miongoni mwa waandishi kuna Watanzania pia. Kila popo alibeba kifaa cha kuandika neroni moja moja pamoja na GPS, na usiku aliachiliwa aruke juu ya kisiwa. Walikusanya neroni zaidi ya 400.

Walichokuwa wanatafuta ni dira, ile busole ya ndani ya kichwa. Tangu miaka ya 1980 inajulikana kwamba panya wana neroni ambazo kila moja inapenda upande wake: moja inapiga kichwa kikielekea upande huu, nyingine upande ule. Lakini yote hayo yalionwa ndani ya vyumba. Mtu mwenye kufikiri angeuliza: je, nje, penye upepo, mwezi unaotembea na giza, dira hiyo inashika, ama ni mchezo wa kuta nne? Popo walijibu kwamba inashika. Neroni inayopenda upande fulani kwenye ncha moja ya kisiwa inapenda upande uleule kwenye ncha nyingine. Mwezi ukiwapo ao ukifichwa, haibadiliki. Na jambo ambalo mimi nalipenda zaidi: usiku za kwanza dira haikuwa imetulia. Ilichukua usiku kadhaa mpaka ikatulia. Kama ingekuwa inafuata sumaku ya dunia, ingekuwa tayari tangu usiku wa kwanza, juu sumaku iko palepale kila siku. Inaonekana popo walikuwa wanajifunza kisiwa, alama kwa alama, sawa vile mgeni anavyojifunza mtaa.

Mtaniambia: basi hawakugundua kitu kipya, walithibitisha tu ya labo. Hapana. Mvivu aliangusha namba ya kizuizini, popo wameitetea dira ya chumbani, na kazi zote mbili ni nzuri kwa sababu ileile: zingeweza kutoa jibu la kinyume. Video ya Pager haikuwa na jibu la kinyume. Kama mchezo usingefanya kazi, tusingeiona kabisa.

Lakini sitawapa popo hawa sifa za bure. "Huru" yao nayo iko na ukuta, na ukuta ni bahari. Kisiwa kidogo, cha peke yake, kinafaa kwa sababu popo hawana pa kukimbilia. Ni ngome nzuri kuliko chumba, yenye hewa na nyota, lakini ni ngome. Walipasuliwa fuvu kabla, na wanabeba uzito ambao popo mwenzao habebi. Kwa mnyama wa karibu gramu 150 kila gramu ni mzigo. Na kisiwa kile si pango la matunda na washindani na bundi wa kuwavizia. Dira inayoshika juu ya mchanga wa mita mia chache haijatuambia bado itafanya nini kwenye msitu, kilometa 20 kutoka pangoni. Waandishi wanaposema kwamba wamepima ubongo katika mazingira ya asili, mimi ningeandika: katika hatua ya kwanza ya kuelekea huko.

Na hatua nyingine zote zina bei ambayo analipa mnyama. Shirika la habari la Reuters liliandika Desemba 2022 kwamba Neuralink iliua wanyama karibu 1,500 tangu 2018, na kwamba wafanyakazi wa ndani walilalamika kuhusu haraka ya kazi. Wengine wanachagua kutopasua fuvu kabisa. Kule Chobe, Botswana, watafiti waliwawekea tembo wawili majike, chini ya ngozi ya mkonga, kifaa cha kupima mwendo wa mkonga, wakahesabu kwamba wanalala kama saa 2 kwa siku. Utafiti huo, wa mwaka 2017, haukugusa ubongo. Ulidhania kwamba mkonga usiotikisika kwa dakika 5 ni tembo aliyelala. Inaweza kuwa na makosa, lakini mtu anaona wazi wamedhania nini na kwa nini, na tembo wanaendelea na safari yao.

Sasa nirudi kwa yule ndugu na dharau yake kwa memuwari za popo na panya. Popo wa Fungu Kizimkazi ni wa aina inayoitwa Rousettus aegyptiacus. Jina linasema Misri, lakini ni mkaaji wa mapango yetu hapa Kongo. Kwetu anajulikana kwa habari moja tu. Kati ya 1998 na 2000, huko Durba, Haut-Uélé, wachimba dhahabu waliugua Marburg: watu 154 walipatwa, 128 walikufa, na popo wa aina hiyo waliokuwa kwenye mgodi wa Goroumbwa walikutwa na alama za virusi. Tangu hapo popo huyu akitajwa kwetu, anatajwa na watu waliovaa nguo nyeupe za plastiki. Ni haki kabisa, na simwambii mtu aingie pangoni mikono mitupu. Lakini fikirini: wale wa Panama, kabla ya kumvalisha Mvivu kifaa, walihitaji mtu anayejua analala mti gani, anashuka lini, anapatikanaje tena kesho. Kifaa cha kadi ya memori bila mtu huyo ni chuma kilichopotea msituni. Kazi ya kumjua mnyama hivyo inafanywa kwa miguu, daftari na saa ya mkononi, miezi sita ao mwaka, na ni palepale kwenye memuwari ambazo ndugu yetu anazicheka.

Ila na mimi niko na lawama kwa memuwari hizo. Zile nilizosoma kuhusu popo huyu, zote zinauliza kama ana virusi. Sijaona iliyouliza akitoka pangoni saa kumi na mbili na nusu jioni anaelekea wapi, wala anawezaje kurudi kabla hakujapambazuka.